Ugaga wa Shitaye

Naapa kwa macho yangu yote mawili, hata hili la kushoto lenye mtoto wa jicho: haya yametokea, hapa hapa kwenye kambi ya wakata miwa, Bonde la Ufa, upande wa Ethiopia, ambako sote tulikunywa maji ya bomba moja. Mtu akinikamata na uongo hata mmoja, kahawa ya kila aliyekaa hapa ni juu yangu, mpaka kikombe cha tatu.

Shitaye alikuwa akisugua meno nyuma ya nyumba, kuku wakimtazama. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, na tangu meno ya utoto yamtoke hakuwahi kucheka bila kufunika mdomo kwa pindo la netela, mtandio wake mweupe. Meno yake yalikuwa na michirizi ya kahawia, kama ya kila aliyezaliwa kambini. Jumatatu alikuwa na usaili wa kazi ya mapokezi katika nyumba ya wageni ya kiwanda. Tangazo lilitaka mtoto wa mfanyakazi, aliyezaliwa kambini, mwenye tabasamu jeupe.

Alikuwa ameshajaribu mkaa wa kusaga wiki nzima, akaishia kutema weusi. Ndimu na chumvi zikamwacha na meno yanayoogopa hata upepo. Ganda la ndizi lilimfaa mbuzi wa jirani.

"Utasugua mpaka utokee kisogoni," mama yake alimwambia, akiendelea kupepeta nafaka.

Alhamisi asubuhi akachukua mswaki wa mzeituni mwitu, akauchovya kwenye jivu la jikoni. Ugaga, ile kahawia ya meno, ukatoka. Ulitoka mzima mzima, ukaangukia kwenye beseni, ukatulia kidogo, kisha ukapanda ukingo na kushika njia. Ulikuwa mwembamba kama uzi wa kushonea magunia. Jogoo aliuruka. Ulipofika dukani, wanaume waliokaa barazani waliinua miguu upite.

"Wa nani huo?" aliuliza mwenye duka.

"Wa Shitaye."

"Aa. Basi unakwenda kwao."

Ukafika kwenye kisima cha pampu, ukapanda tangi, ukaingia.

Mama mtu alimfungua bintiye mdomo, akamkagua kama anavyokaguliwa punda wa kununua. "Sasa usiguse maji," akasema.

Siku nne Shitaye aliishi kwa maziwa ya mbuzi na miwa ya kutafuna. Kahawa aliinusa tu. Midomo ilimpasuka, lakini Jumatatu aliingia ofisini na meno meupe pe.

Afisa, Bwana Tigabu, alikuwa na chupa yake ya maji ya dukani mezani. Alisoma cheti.

"Umezaliwa kambini?"

"Ndiyo, bwana."

"Hebu cheka."

Akacheka, mikono magotini.

"Mdogo wangu, nina miaka kumi na mitano hapa. Mtoto wa kambi mwenye meno haya sijamwona. Hiki cheti umekitoa wapi?"

"Nimesugua, bwana."

"Madoa ya hapa hayasuguliki. Ni maji ya kile kisima, yanaingia kwenye jino tangu utotoni. Tulishapima." Akavuta droo, akamwonyesha ripoti yenye mhuri, karatasi zimegeuka njano. Ilikuwa ya mwaka ambao Shitaye bado alikuwa na meno ya utoto. "Nafasi hii ni ya mtoto wa kambi. Wewe si wa hapa."

Akairudisha ripoti, akafunga droo, akanywa maji yake.

Shitaye alipitiliza mpaka bombani. Alikunywa makopo matatu. Katika la tatu ugaga ulishuka na maji, ukajipanga kwenye meno, kila mchirizi mahali pake.

Siku hizi anauza kahawa langoni mwa kambi, na anacheka bila kufunika mdomo. Pampu inanguruma kama kawaida. Kila kukikaribia harusi, nyuzi za kahawia hupita njiani zikienda kisimani, na watu huinua miguu.

Nilipofika hapo kwenye hadithi, Shitaye alikuwa akinimiminia kikombe cha pili.

"Gashe Erjabo," akasema, akiniita kaka mkubwa kwa heshima, "umesema sote tulikunywa maji ya bomba moja."

"Nimesema."

"Si wewe uliyeendesha pampu miaka ishirini na minane?"

"Ndimi."

"Hebu cheka."

Masharubu haya nimeyafuga kwa sababu. Nikacheka. Wakainama kuchungulia.

"Meupe kama ya ndama," akasema. "Dumu lako ulikuwa unajazia wapi?"

"Kwa mabwana wa kiwanda, kwenye maji yao."

"Nani alikuambia ujazie huko?"

"Hakuna. Chupa za maji ya kisima ya kupimwa nilizijaza mimi. Na majibu niliyabeba mimi, nikayasoma njiani, mpaka ofisini."

Mwenye duka alikoroga sukari iliyokwisha kuyeyuka. Shitaye alihesabu vichwa.

"Tuko kumi na mmoja, Gashe."

Nikalipa, mpaka kikombe cha tatu. Kisha akaniwekea dumu tupu miguuni, maana maji ya kahawa yalikuwa yamekwisha, nami nikaenda kulijaza bombani.