Mama Raya Amenyamaza

Mimi ni mtu wa kelele, na sioni haya kusema. Sauti niliikomaza sokoni, nikiuza njegere na kabichi zinazoshuka kutoka Mgeta, na jioni naipeleka uwanjani Mafiga kuwafundisha wasichana netiboli. Anayekaa ng'ambo ya barabara anajua nani kadaka vizuri na nani kazubaa, bila kutoka ndani kwake. Kuna mzee mmoja jirani, Mzee Hashimu, alinishitaki kwa mjumbe. Nikamwambia mjumbe, mwambie azibe masikio, masikio ni yake.

Na katika wasichana wote, niliyempigia kelele zaidi ni Raya. Raya ni mtoto wa mdogo wangu, Mwajuma, aliyefariki mtoto akiwa bado anatambaa. Kwetu Waluguru mtoto wa mdogo wako wa kike ni mtoto wako, hakuna kikao wala mjadala. Nilimfunga mgongoni, na mtaa mzima ukaanza kuniita Mama Raya. Mume nilikuwa naye wakati ule, akaenda kuoa Kilosa, nikamwambia abaki hukohuko. Basi nyumba ikawa ni mimi na Raya na makelele yangu.

Raya alikuwa mfungaji. Nilimwanzisha uani kwetu, kwenye ringi ya baiskeli ya mtoto niliyoichomelesha juu ya bomba. Kila mpira aliorusha, mimi nilikuwa na neno. Kiwiko. Magoti. Usiharakishe. Juu zaidi. Mpira haujafika kwenye ringi, mimi nimeshasema. Na alikuwa anafunga. Mara moja, katikati ya mechi, nilitoka kwenda kuswali alasiri, akakosa mipira yote. Niliporudi mstarini akaanza kufunga tena. Watu wakasema sauti ya Mama Raya ina baraka. Hadithi hiyo niliisimulia mpaka wasikilizaji wakachoka.

Halafu zikaja habari kwamba timu ya wanawake ya jeshi, kule Ngerengere, inatafuta vijana. Kutakuwa na majaribio, na atakayechaguliwa atakaa hukohuko kambini. Raya alikuja kuniambia jikoni, simu mkononi, amejaa furaha anaogopa kuionyesha.

"Mamkubwa, nikipata nitaondoka."

"Ndiyo maana yake," nikamjibu, nikaanza kuosha sufuria ambazo zilikuwa safi. Moyo uliniuma. Sina namna nyingine ya kulisema.

Siku zilezile niliitwa mjini kwenye semina ya walimu wa michezo. Mfundishaji alikuwa binti mmoja anaitwa Catherine, kazi yake ni kuchunguza jinsi mwili wa mtu unavyojifunza. Nilimtazama nikasema moyoni, haya, huyu naye atanifundisha nini mimi. Akatundika kitenge kwenye kamba katikati ya ukumbi, nyuma yake akaweka beseni. Tukapewa vifuko vya mchanga tuvirushe juu ya kitenge viingie kwenye beseni tusiloliona. Akatugawa. Kundi letu, kila ukirusha unaambiwa: fupi kidogo, sogeza kulia, ongeza nguvu. Kundi la pili waliambiwa mara mojamoja tu, asubuhi nzima wakihangaika. Mchana ulipofika sisi tulikuwa tunaingiza utadhani tuna macho upande wa pili. Wenzetu walikuwa wanapiga viti. Kundi lao lilikuwa na Abel, kocha wa voliboli kutoka Mikese, na nilimcheka mpaka akaacha kuniangalia.

Kesho yake, kitenge kilekile, beseni lilelile, ila safari hii hakuna kuambiwa lolote. Kundi letu likapotea kabisa. Kifuko changu kimoja kilimfikia mpishi mlangoni. Kundi la Abel wakawa wanaingiza bila papara.

"Mama Raya," Abel akaniambia, "jana ulikuwa unatamba humu ndani. Leo vipi, beseni limehama?"

Catherine hakucheka. Akasema, "Ukimwambia mtu kila mara amekosea wapi, kichwa chake kinaacha kutafuta. Kinakusubiri wewe. Mazoezini unamwona amejua, kumbe anayejua ni wewe. Mwache akose, ausikie mwili wake, ajirekebishe. Mbadilishie na sehemu za kurushia, asizoee moja. Na kabla ya kumsahihisha, muulize kwanza yeye ameonaje."

Nikakumbuka ile alasiri niliyokwenda kuswali. Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikuwa najiona nampa mtoto mkono, kumbe nilikuwa namkata wake.

Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiwa na hasira na yule binti. Mlima ulikuwa umejifunika ukungu mpaka chini, na manyunyu yalikuwa yameanza. Nikiwa njiani likanijia wazo jingine. Kule Ngerengere makocha wa mitaani hawataruhusiwa kuingia uwanjani. Nikiendelea kupiga kelele kama kawaida yangu, Raya atafika kule peke yake, atakosa, na atarudi Mafiga kwangu. Hakuna atakayenilaumu. Watasema bahati yake haikuwepo. Nilitembea na wazo hilo mpaka mlangoni, na sitawadanganya kwamba lilinichukiza. Lilinipendeza.

Raya alikuwa uani, anarusha. Alipokosa aligeuka kunitazama, kabla hata ya kuniamkia. Ndipo nikaona alivyokuwa anageuka. Alikuwa anageuka kila mara, miaka yote hiyo, na mimi nilidhani ni mapenzi.

"Kuanzia leo nanyamaza," nikamwambia. Nikamweleza habari za beseni.

Akacheka. "Wewe, mamkubwa? Utapasuka."

Nilikaribia kupasuka kweli. Siku za mwanzo alikosa hadi nikawa natazama chini. Kila akikosa anageuka, anasubiri, nami nimeuma pindo la khanga. Nikawa namsogeza tu, rusha hapa, sasa rusha kule, basi. Abel angeniona angeanguka.

Tatizo ni kwamba kile kimya hakikubaki uwanjani. Niliogopa nikifungua mdomo kumwambia chai tayari, litatoka kiwiko. Na ukweli mwingine ni kwamba nilikuwa nimeshaanza kumlilia kabla hajaondoka, na mtu anayelia kimoyomoyo hana mazungumzo. Tukawa tunakula ugali na mlenda tunasikiliza mvua kwenye bati. Nyumba ile haikuwahi kuwa hivyo.

Siku moja aliushika mpira akakataa kurusha.

"Mamkubwa, umenisusa?"

"Sijakususa."

"Umenisusa kwa sababu nataka kuondoka."

Hapo ndipo ilipofaa nikae naye chini niseme. Niseme kwamba sijawahi kumpenda kama siku zile nilizokuwa namnyamazia. Badala yake nikasema, "Rusha mpira." Akarusha kwa hasira, ukaingia bila kugusa chuma. Hakugeuka kunitazama.

Tulikwenda Ngerengere kwa treni. Uwanja ulikuwa umezungushiwa wavu wa waya, wazazi na makocha tukaachwa nje. Wasichana walikuwa wengi, warefu, wengine wana viatu ambavyo sijawahi kuviona Mafiga. Raya alipoingia kucheza alipewa mpira mapema. Akakosa. Akapewa wa pili, akakosa. Maafisa wa timu waliokaa kwenye viti wakaambiana jambo.

Na Raya akageuka.

Alinitafuta kwenye waya mpaka akaniona. Na mimi nilikuwa nimeona kila kitu: kiwiko kilikuwa kinatanuka kwenda nje, kosa lake la utotoni. Lilikuwa neno moja tu. Sauti yangu ingefika, imeshafika mbali zaidi ya pale. Ningemwambia angefunga ule unaofuata. Halafu angegeuka tena kwa ule mwingine, na kesho yake pale kambini angegeuka na kukuta waya mtupu.

Nikampa mgongo. Nikaondoka pale kwenye waya, yeye akiniona, nikaenda kusimama nyuma ya tenki la maji ambako sioni na sionekani. Ni jambo gumu kuliko yote niliyowahi kumfanyia mtoto yule, na nimemfanyia mengi. Filimbi ikapigwa. Nikasikia viatu, nikasikia wanaitana, halafu kimya kidogo, halafu chuma kikalia na watu wakapiga makofi. Sikujua ni makofi ya nani. Baadaye nikasikia mtu anauliza, huyu mrefu wa Morogoro anaitwa nani, na makofi yakaja tena, na tena. Nikakaa chini nikalia.

Mama mmoja aliyekuja kuchota maji akaniuliza, "Pole dada. Mwanao amekosa?"

"Hapana," nikamwambia. "Anafunga."

Raya alinikuta palepale, jasho linamtiririka, amekunja uso. "Uliniondokea."

"Ndiyo."

"Nilipoona umeondoka nikajua basi, sina mtu. Nikakisikia kiwiko mwenyewe." Akatazama pembeni. "Wamenichukua."

Hakunikumbatia. Ndani ya treni alisinzia, kichwa kikaniangukia begani, nikakaa bila kutikisika mpaka Morogoro. Baada ya siku chache akapanga nguo zake akaenda.

Sasa naishi peke yangu. Bado napika ugali wa watu wawili, nusu naula asubuhi. Uwanjani wasichana nawaacha wakose, nawauliza wenyewe wameonaje, na wanaendelea vizuri, siwezi kukataa. Wiki iliyopita Mzee Hashimu, yule aliyenishitaki, alikuja kubisha hodi na mkongojo wake.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba. Mama Raya, unaumwa? Siku hizi hatukusikii."

Nikamwambia mimi mzima. Akasimama kidogo pale mlangoni, sijui alitaka nini, kisha akaenda zake.

Jana baada ya alasiri simu ikalia. Nilikuwa uani nachambua njegere.

"Shikamoo mamkubwa."

"Marahaba, mwanangu."

"Mamkubwa, nakosa. Tangu juzi. Wa mbali naingiza, wa karibu unagonga chuma unarudi. Nifanyeje?"

Nilishajua. Wa karibu alikuwa anauharakisha, hakunji magoti, ni kawaida yake akiwa na beki mrefu mbele. Neno lilikuwa mdomoni, limeiva.

"Wewe umeonaje?" nikamuuliza.

Nikamsikia anadundisha mpira huko aliko. "Naona kama... nikiwa karibu sikunji magoti. Naurusha kwa mikono mitupu." Mpira ukadunda tena. "Eh, ndiyo. Ni magoti. Ngoja nikajaribu kabla hawajaanza. Asante mamkubwa."

Akakata.

Nikabaki na simu sikioni. Nilikuwa na mambo ya kumwambia: kwamba njegere mwaka huu ni tamu, kwamba Mzee Hashimu alikuja kuniulizia hali. Na kwamba sikumsusa. Hilo la mwisho hata angekaa anatafuta maisha yake yote asingelipata mwenyewe, mpaka aambiwe, na mimi ndilo nililomnyima.

Nikampigia. Simu ikaita, ikaita mpaka ikakatika yenyewe. Alikuwa ameshaingia uwanjani.