Nzi Asiye na Mabawa

Sabine alipanda basi la Weston Road akiwa amekumbatia sufuria. Ndani yake mlikuwa na jiliwa dogo la chuma, limezungushiwa kitenge lisigongegonge, na katika meno ya jiliwa alikuwa amebanwa nzi mmoja, mdogo kuliko punje ya mpunga. Abiria aliyeketi kando alivuta pua kidogo, kama anayetarajia harufu ya chakula. Sabine akakandamiza kifuniko. Tangu Léonard alipoyakaza meno yale kwa mkono wake mwenyewe, hakuna aliyeyalegeza, na yeye hakuwa tayari kuwa wa kwanza.

Hakuwa nzi wa kuruka. Alikuwa chambo cha kuvulia: uzi mweusi uliozungushwa juu ya ndoana, na juu ya uzi waya mwembamba wa fedha ukapita kwa mistari. Mumewe, Léonard, alifanya kazi katika kiwanda cha mikate, na akirudi alikaa kwenye meza ya dirishani, mto Humber ukipita chini, akifunga uzi na manyoya mpaka yakafanana na wadudu ambao samaki wa mto huwapenda. Ndugu zake wa mji wa Baraka, kando ya ziwa, waliokulia kwenye nyavu, walimcheka. Samaki mmoja kwa ndoana moja, na ukishampata unamrudisha majini? "Kaka anacheza na chakula," Yvan, mdogo wake, alizoea kusema. Léonard alimwacha aseme. Akishamaliza nzi wake huita tu, "Mama Ariane, njoo uone," naye Sabine huja akipangusa mikono, huinama chini ya taa na kusema, "Huyu hata mimi ningemla." Kisha hurudi jikoni.

Siku ya mwisho Léonard hakumwita. Barafu ilikuwa bado imeshika kingo za mto. Sabine alikaanga ndagala, wale dagaa wa kwao, akapakua, akaenda kumwambia chakula tayari, akamkuta ameegemea kiti, kidevu kimelala kifuani, taa inawaka juu ya jiliwa. Daktari alisema ni moyo. Alilisema kwa upole, lakini neno lile lilimpita Sabine kama upepo unavyopita dirisha lililofungwa. Kilichoingia na kukaa kilikuwa kitu kingine: unyoya wa kanga, mweusi wenye madoa meupe, sakafuni chini ya kiti. Tangu hapo aliuona mkono wa mumewe ukinyooka kuufuata unyoya ule na kutoufikia. Aliuona akiosha vyombo. Aliuona kanisani wakati wa kupeana amani, watu wakimshika vidole naye hasikii kitu.

Na katika ukoo wa Léonard matanga hayaondolewi kazi ya marehemu ikiwa nusu. Babu yao alipokufa na wavu mapajani, wanawe waliufuma hadi tundu la mwisho, ndipo ua ukafagiliwa. Bibi yao aliacha mkeka, na binti zake waliumaliza wakiwa bado na vichwa vilivyonyolewa. Mtu haendi kwa wahenga huku uzi umemnasa mguuni. Kwa hiyo Yvan alipiga simu.

"Shemeji, Jumamosi tunaondoa matanga. Kale kamdudu ka kaka kamekwisha?"

"Bado."

"Ningekashika mimi, lakini vidole vyangu ni vya kubeba makochi. Nitakaponda. Ila wazee watauliza."

"Najua, shemeji. Nitakamaliza."

Ariane, binti yao, alikuwa amemnunulia mama yake kitabu. Kilikuwa kizito kama Biblia ya madhabahuni, kurasa zinameremeta, na kwenye kila ukurasa nzi mmoja aliyepambwa kama bibi harusi: mkia wa dhahabu, shingo ya tausi, mabawa ya rangi tele. Sabine alikipekua tangu jalada hadi jalada akimlinganisha nzi wa Léonard na wale mabibi harusi. Hakuna hata mmoja aliyekosa mabawa. Ndipo ilipomthibitikia alichokuwa akikijua: huyu aliachwa uchi. Unyoya wa kanga ulikuwa mabawa yake. Akashika mkasi, akauweka unyoya juu ya mgongo wa nzi, akanyoosha mkono kuchukua uzi, na kitabu kikajifunga chenyewe, pa! Akashtuka. Unyoya ukamponyoka, ukaenda kutua palepale chini ya kiti. Alikaa akiutazama mpaka chai ikapoa. Mwisho akajiambia kwamba kosa ni la kitabu. Atafute kingine.

Chama cha wavuvi alichojiunga nacho Léonard kilikuwa na chumba nyuma ya ukumbi wa kanisa, na humo kabati la vitabu lililotunzwa na mzee Olavo, Mgoa aliyezaliwa Kisumu, karani mstaafu aliyefunga tai hata siku za mapumziko. Yeye na Léonard waliongea Kiswahili mtoni kwa makusudi, wavuvi wengine wasijue samaki wamejificha wapi.

"Karibu, Mama Ariane," Olavo alisema, macho yake kwenye sufuria. "Umeniletea pilau?"

"Kwanza hiki." Sabine aliweka kitabu kikubwa mezani. "Nataka kumfunga nzi, lakini nadhani hiki hakinifai. Nichagulie kingine."

Olavo alikifungua katikati, akainua mikono yote miwili kama aliyekamatwa na polisi. Kitabu kikajifunga.

"Umeona?"

"Kwani ni lazima kikae wazi?"

"Mkono mmoja umeshika ndoana, wa pili umeshika uzi. Kitabu utakishika kwa meno?"

"Lakini picha zake ni nzuri, mzee."

"Ni picha za harusi. Nani aliyewahi kujifunza ndoa kwenye picha za harusi?" Tayari alikuwa ameingiza kichwa kabatini, na sauti yake ilitoka humo kama ya mtu aliye kisimani. "Wewe tafuta kinachoonyesha vidole. Vidole vyenye kucha chafu, ukivipata. Kikuonyeshe nzi alivyo kabla hajapendeza. Huyu hapa," akatoa kitabu kinene, "anawajua nzi wote wa dunia, na hajamfundisha mtu hata mmoja. Maneno matupu. Na huyu ni bingwa, lakini wa mito ya Uingereza. Wadudu wake hawana pasipoti ya huku."

Sabine alitabasamu bila kutaka. Uso wake ulishangaa, kama mlango uliosukumwa baada ya kufungwa siku nyingi.

Kitabu cha mwisho kilikuwa chembamba, kimeunganishwa kwa waya mgongoni, jalada limechanika. Olavo alikilaza wazi, akaondoa mikono. Kikatulia. Akapuliza kurasa, hazikusogea.

"Huyu kavua hapahapa, Humber na Credit. Anakueleza mdudu gani anaishi maji gani, na lini. Nzi wake ni wachache, lakini kila mmoja kamfunga mbele yako, hatua kwa hatua. Ungeniuliza mimi, ningechoma kabati nikabaki na hiki." Kisha akakunja uso, akagonga pembe ya ukurasa palipokuwa na doa la rangi ya machungwa. "Hii si vanishi ya kupaka nzi. Mumeo alikiazima, akakirudisha hivi. Nikamgombeza. Akaniambia, mzee, hiyo ni baraka ya mke wangu."

Sabine aliweka kidole juu ya doa. Mawese. Mawese yake mwenyewe, ya sombe ya Jumapili, majani ya muhogo aliyoyapika kila wiki.

"Haya," Olavo alisema taratibu zaidi. "Nionyeshe huyo unayetaka kumfunga."

Alifunua sufuria, akakunjua kitenge, akalisimamisha jiliwa mezani. Olavo akavuta taa yenye kioo cha kukuzia. Alitazama kwa muda mrefu, akiligeuza jiliwa polepole, na mzaha ukamtoka usoni.

"Huyu unataka kumfanya nini?"

"Kumaliza. Hajawekewa mabawa."

"Nani kakuambia ana mabawa?"

Sabine alielekeza kidole kwenye kitabu cha mabibi harusi. Olavo hakukitazama. Alifunua kile chembamba, akapita kurasa chache, akakisukuma mbele yake. Pichani palikuwa na uzi mweusi, waya wa fedha kwa mistari, na basi.

"Huyu ni mdudu angali chini ya maji. Ametoka topeni, anapanda. Mabawa yako humohumo ndani, hayajafunguka. Wakati wa baridi samaki hawataki mwingine." Akamgeukia. "Mama Ariane, nzi huyu amekamilika."

"Hapana."

"Amekamilika, mama."

"Hapana, mzee. Alikuwa akifanya kazi. Nilimkuta mezani."

"Uzi umekatwa. Lione fundo lake. Na juu ya fundo kuna vanishi, imekuwa kama kioo. Hakuna mtu anayepaka vanishi kazi isiyokwisha."

Sabine aliinama kwenye kioo cha kukuzia. Nzi alipanda machoni mwake akiwa mkubwa kama kidole gumba, mweusi, mtulivu, kila mzunguko wa uzi umelala kando ya mwenzake, na kichwani tone dogo linang'aa. Kwa miezi yote hiyo alikuwa amembeba mtu aliyekatwa katikati ya tendo, na sasa mtu huyo hayuko mikononi mwake, na mikono imebaki imekunjwa kwa umbo lake. Alifungua mkoba, akautoa unyoya wa kanga, akauweka mbele ya Olavo kama shahidi wake wa mwisho.

"Na huu? Ulikuwa chini ya kiti chake."

"Mama," Olavo alisema, "chini ya kiti changu mimi kuna manyoya ya kuku mzima."

Sauti ilimtoka Sabine, na hakujua kama ilikuwa kicheko. Olavo alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa, akaivua tena.

"Vanishi hukauka kwa muda gani?" Sabine aliuliza.

"Inategemea. Wakati wa baridi huchelewa, na huwezi kuiharakisha. Unakaa tu. Wengine tunasema hapo ndipo penye utamu." Akaivaa miwani. "Ulimkuta amekaaje?"

"Ameegemea."

"Eeh," Olavo alisema. "Hivyohivyo."

Sabine akavuta kiti, akaketi. Kwa kuwa sasa alikumbuka. Zamani, walipokuwa wageni katika nyumba ile, aliwahi kuitwa mapema mno, akamgusa nzi mbichi kwa kidole chenye mafuta na kumharibu. Tangu siku hiyo Léonard alingoja vanishi ikauke kwanza, ndipo aite. Hakuwa amenyoosha mkono kwa kitu chochote. Alikuwa amekaa akisikiliza ndagala wakilia kikaangoni, ana neno lake tayari mdomoni: njoo uone.

Sabine alilifunga jiliwa katika kitenge, akalirudisha ndani ya sufuria. Olavo alikiweka kile kitabu chembamba juu ya kifuniko cha sufuria. Hakumwandikia tarehe ya kukirudisha.

Nyumbani Ariane alikuwa akiosha vyombo. Sabine alilirudisha jiliwa mahali pake, akawasha taa, akashika kitasa cha kukazia. Kilikuwa kigumu kuliko alivyodhani. Léonard alikuwa na mkono wenye nguvu. Kisha meno yakalegea, na nzi akaanguka juu ya kitenge bila sauti yoyote. Akamweka kwenye kisahani cheupe. Akachukua ndoana nyingine, tupu, akaibana.

Kitabu kilikaa wazi chenyewe, doa la mawese pembeni. Vidole vya mtu asiyemjua vilimwonyesha pa kuanzia. Uzi ulimkatikia, akaanza tena. Waya ulipinda. Mwili wa nzi wake ulivimba hapa na kupwaya pale, kama mguu uliofungwa bendeji kwa haraka. Hata hivyo alifika kichwani, akapiga fundo, akakata, akachovya ncha ya sindano katika vanishi na kudondosha tone. Ndipo simu ikalia.

"Shemeji," Yvan alisema, "kale kamekwisha?"

"Ka kaka yako kalikwisha siku ileile."

"Siku ileile?"

"Alikamaliza mwenyewe, Yvan. Hakuacha kitu."

Alimsikia akivuta pumzi, akiishusha, akivuta nyingine. Alipoongea sauti yake ilikuwa ya mtu mdogo zaidi. "Kwa hiyo mezani hakuna kazi."

"Ipo. Yangu."

"Yako? Na hiyo imekwisha au bado? Niwaambie nini wazee?"

Sabine alilitazama tone likimeta chini ya taa.

"Waambie nangoja ikauke."

Akaweka simu chini. Jikoni bomba lilifungwa, vyombo vikanyamaza, na hatua za Ariane zikaja mpaka mlangoni, zikasimama. Sabine aliegemea kiti, mikono mapajani. Neno lilikuwa tayari mdomoni mwake. Hakulitoa bado, vanishi ilikuwa mbichi.