Ng'ombe wa Mama Bibiane

Nimeuza unga katika soko la Bunia miaka mingi, na nawaambia kweli: kuwapa watu chakula bure kunachosha kuliko kuwauzia. Anayenunua analalamikia bei tu. Anayetoa sadaka analalamikia kila kitu. Mmoja aliniletea maharage yaliyojaa wadudu, kisha akataka jina lake lisomwe mbele ya padri. Mwingine alitoa chumvi, na kesho yake akarudi kuuliza atakaa kiti gani. Vijana walioahidi kupasua kuni waliahidi tena siku iliyofuata, na iliyofuata, mpaka nikashika shoka mwenyewe.

Ilikuwa Noeli ya mwaka 2003, ya kwanza tangu mapigano ya mwezi wa tano. Kambi ya wakimbizi karibu na uwanja wa ndege ilikuwa imejaa, na mtaani kwetu kila nyumba ililaza jamaa mpaka jikoni. Tukasema, siku moja tu, kila mtu ale nyama bila kuulizwa ametoka wapi. Uwanja wa shule ya msingi tulipewa. Komite ikamchagua Vital awe mwenyekiti kwa sababu anajua kuongea, na mimi, Clémence, wakanichagua kufanya kazi.

Karamu yote ilimtegemea Papa Félicien. Huyo ni mnunuzi wa dhahabu, aliyekuwa akienda kwenye migodi ya Nizi na Bambu hata siku ambazo sisi wengine tuliogopa kwenda kisimani. Alitoa ng'ombe mzima na kuahidi magunia ya mchele. Kwetu, anayetoa mnyama hutangazwa wa mwisho, watu wakasimama kumpigia makofi, naye ndiye anayepakua nyama ya kwanza. Félicien alikuwa ameshashonesha shati kwa ajili ya hayo makofi. Mimi sikuona ubaya. Kwa ng'ombe mzima, hata kofia angeshonesha.

Ng'ombe aliletwa siku moja kabla ya Noeli, wakamfunga nyuma ya madarasa. Wanawake tulikuwa tukichambua maharage yale ya wadudu. Kati yetu alikuwepo Bibiane, mjane aliyekimbia kutoka upande wa Boga, ambaye alikuwa analala kambini chini ya bashi, lile turubai wanalogawiwa wakimbizi. Katika wote waliojitolea, ni yeye tu aliyekuja siku aliyosema atakuja. Nilimpenda kwa hilo.

Akainuka kwenda kumwaga takataka, akakawia. Kisha nikamsikia akiita, "Bihogo! Bihogo!" Nilipofika nyuma ya madarasa nilikuta ng'ombe amevuta kamba mpaka mwisho wake, anamlamba Bibiane mkono kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko.

"Mama Clémence," akasema bila kugeuka, "hii ngombe iko yangu."

"Ngombe zote nyekundu zinafanana, Mama."

"Hii pembe yake ya kushoto ilivunjika, mie mwenyewe njo nilimufunga kitambaa. Siku ile wenye bunduki walikuja, bwana yangu alisimama mbele ya zizi. Walimuua palepale, wakabeba ngombe zote. Mie nilikimbia."

Nitasema nilivyohisi. Nilikasirika, na hasira yangu ya kwanza ilimwendea Bibiane. Ng'ombe wamejaa Ituri nzima. Kwa nini huyu, na kwa nini leo, wakati masufuria tayari nimeshayaazima? Lakini ng'ombe alikuwa bado anamlamba, na hakuna aliyemfundisha kusema uongo. Nikatuma mtu amwite Félicien.

Alikuja kwa pikipiki, Vital amepanda nyuma. Félicien alisikiliza, uso ukamkunjika.

"Nilinunua na franga yangu. Sikuiba."

"Ulinunua kwa nani, Papa?" nikauliza.

"Kwa batu ya barabarani. Wakati ile, nani alikuwa anauliza ngombe inatoka wapi? Na weye, Mama Clémence, ile unga yako, unajuaka inatoka kwa shamba ya nani?"

Swali hilo lilinichoma.

Vital akaingia kwa sauti yake ya mikutano. "Mama Bibiane, tuache Noeli ipite kwanza. Kisha tutakaa, tutaongea."

Mimi namjua Vital. Mambo yake ya kuongea kisha hayajawahi kuongewa. Nikamgeukia Bibiane. "Unataka tumufungue, uende naye?"

"Niende naye wapi? Kule kambini hata usiku moja hatamaliza, watamubeba tena. Mumuchinje." Alikuwa anamkuna ng'ombe shingoni. "Siombi nyama, siombi franga. Ila kesho, pale munaita jina ya mwenye kutoa ngombe, muite jina yangu. Tangu nifike hapa niko napanga mustari na sahani. Bananipa unga, bananipa maharagi, nasema merci, merci, mpaka kinywa imechoka. Kule kwetu mie njo nilikuwa naita batu kuja kukula. Kesho pia nataka kuita batu."

Niliona njia rahisi, nikaisema upesi: mchele tutangaze kwa jina la Papa Félicien, ng'ombe kwa jina la Mama Bibiane, makofi yapo ya kutosha wote wawili.

"Apana," Félicien akasema. "Muji muzima unajua ngombe iko yangu. Kesho basikie jina ya mutu mwingine, bataniita nani? Muizi, mbele ya padri. Mukitaja jina ya huyu mama, muchele yangu inabakia kwa depo."

Vital akanivuta kando. "Mama, fikiria batoto ya kambi. Tutaacha batoto bote bila muchele juu ya jina ya mutu moja?"

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba alikuwa na haki nusu. Watoto wa kambi walikuwa wameshaimba barabara nzima kwamba Noeli watakula mchele. Na Félicien hakuwa muuaji. Alikuwa mtu aliyenunua kwa bei rahisi akafumba macho, kama nusu ya mji ilivyofumba. Nilitamani kumpiga mtu, yeyote. Nikamtazama Bibiane. Alikuwa ametuachia maneno yetu, anamtoa ng'ombe kupe masikioni.

"Papa Félicien," nikasema, "bakia na muchele yako."

Vital akashika kichwa. Pikipiki ikaondoka na vumbi lake; ng'ombe, aliyeshatolewa mbele ya mji mzima, akabaki.

Basi nikaingia kwenye hasara. Nikafungua depo yangu, ghala langu dogo, nikatoa unga niliouweka wa kuuza baada ya sikukuu, nikauhesabu kuwa umekufa. Nikagonga nyumba hadi nyumba kutafuta masufuria makubwa zaidi na mikono ya kusonga. Kila mlango swali lilikuwa moja: mchele uko wapi? Vijana wa kuni waliposikia hakuna mchele wakapotea kabisa. Asubuhi ya Noeli, baada ya misa, ugali wa kwanza ulitoka na madonge, wa pili uliungua, na Vital alipita kuniambia eti nimechelewa.

Ilipofika saa ya kutangaza, mwenyekiti wetu anayejua kuongea alikaukiwa sauti. Nikapanda juu ya benchi mwenyewe. Nikataja maharage na wadudu wake, nikataja chumvi. Kisha nikasema, "Ngombe ametoka kwa Mama Bibiane."

Watu wa mtaa walitazamana. Halafu kule nyuma, wanawake wa kambi wakasimama, wakaanza kupiga makofi, na uwanja wote ukafuata. Bibiane alichukua upawa akasimama kwenye sufuria ya nyama. Alimpakulia kila mtu kwa neno. "Karibu, muzee. Mama hakukuja? Mubebee hii." Kijana mmoja akanung'unika, Noeli gani hii bila mchele. Bibiane akamtazama juu mpaka chini. "Kwangu tunakulaka bugali. Hautaki, pisha mwenzako." Watu wakacheka, kijana akasogeza sahani yake haraka.

Nyama iliisha, na ndipo nikaona kwamba Bibiane hana sahani. Hasira zangu zote za wiki zikapanda pamoja. Nilikuwa nimesema kila mpishi awekewe! Nikawafokea vijana waliotokea wakati wa kula. Nikamfokea Vital, nikamnyang'anya sahani yenye pande zuri la nyama ambalo alikuwa bado hajaligusa, nikampelekea Bibiane pale alipokaa kwenye ngazi ya darasa.

"Kula. Weye njo mwenye karamu, na hawakukuachia hata mufupa!"

Akaisukuma sahani polepole.

"Waliniachia, Mama. Mie njo nilikataa. Mama ya Bihogo alikufa siku ya kumuzaa. Mie nilimulea na chupa ya mutoto wangu, ndani ya nyumba, karibu na kitanda yetu. Nitamukula namna gani?"

Nilimrudishia Vital nyama yake. Nikakwangua ugali uliobaki chini ya sufuria, ule ulioungua, nikaukata vipande viwili, nikakaa naye kwenye ngazi, tukala hivyo hivyo bila kitoweo.