Ngamia wa Dawa

Ukitaja Saynab wa anjera pale Garissa, mtu hakuulizi Saynab yupi. Anameza mate kwanza. Hoteli yangu ilikuwa mabati na mabenchi nyuma ya soko la mifugo, basi, lakini madereva, makarani na walimu wa kutoka bara walikuwa wanafika kabla jua halijatoka. Unga wa ngano nilikuwa naukoroga jioni, unalala unachacha, alfajiri naumimina kwenye kikaango na kuuzungusha kwa mgongo wa kikombe. Halafu anjera inafungua macho yake, matundu madogo madogo, mengi. Anjera isiyo na macho ni chapati iliyokata tamaa, ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia wateja. Nilikuwa na maringo, sikatai.

Nina binti mmoja, Sabrin. Mwaka ule wa tisini na saba alikuwa kidato cha tatu, na hesabu zilikuwa zinamwogopa. Anataka kuwa mwalimu wa hesabu. Nami nilitaka kuliko yeye, maana mimi hesabu zangu za hoteli nilikuwa nafanya kwa kokoto. Tatizo tumbo. Akila, linajaa upepo linamkaba, mbio chooni, mikono imebaki vijiti. Tulimpa dawa za minyoo, za amiba, za homa ya matumbo. Sheikh akamsomea. Wapi!

Lakini kila likizo ndefu akienda kwa adeer yake Abdille, kaka wa marehemu mume wangu, huko malishoni upande wa Diff, anakunywa maziwa ya ngamia, anakula nyama, anarudi na mashavu. Mashavu, wallahi! Nilikuwa nayabana kwa vidole mpaka mtoto analalamika. Shule zikifunguliwa, mwezi hauishi, mashavu yameaga.

Abdille akatoa hukumu yake. "Shemeji, hewa ya mji inamuua huyu mtoto. Shule basi. Nitamwoza Keynan, kijana mzuri, ana ngamia wake, akae huku anywe maziwa mpaka azeeke."

Si mtu mbaya, Abdille. Alimpenda Sabrin kuliko ngamia wake, na mtu wa Diff akikuambia hivyo ujue ameapa. Lakini yeye ndiye aliyekuwa na neno juu ya ndoa ya mtoto, na neno lake huwa halirudi nyuma. Nikakosa usingizi. Nikafikiri mpaka kichwa kikauma, kisha akili ikanijia. Kama dawa ni ngamia, si tumlete ngamia mjini?

Abdille akaniazima wake mmoja, akaja kwa lori, yeye na ndama wake. Jina lake Adey, yaani Mweupe, ingawa alikuwa na rangi ya chai. Dereva aliniambia walipopumzika Hagadera ngamia huyo alimvua kofia kichwani na kuitafuna mbele ya watu. Nikamfunga uani nyuma ya hoteli, na siku hiyo hiyo nikasikia ukelele ng'ambo ya ua. Ni Mwalimu Kinoti, jirani yangu, mtu wa Meru, ndiye aliyekuwa anamfundisha Sabrin hesabu.

"Mama Sabrin! Ngamia wako amekula shati langu!"

"Shati gani, Mwalimu?"

"La kumvalia mkaguzi! Mkaguzi anakuja kesho!"

"Mwambie mkaguzi limekwenda kutengeneza dawa."

Alitaka kukasirika, kicheko kikamzidi nguvu. Mtaa wote ulikuwa unacheka siku zile. Watu walikuja na vikombe, huyu ana kikohozi, yule anatafuta mtoto, mzee mmoja anataka meno yaote tena. Ngamia wa dawa! Nami kila asubuhi nilimpa Sabrin maziwa yake yanayotoa povu, na kwa ile furaha nikamwongezea anjera. Mbili, tatu, nne, samli na sukari juu. Mtoto yuko kwenye matibabu, ale!

Akazidi kuugua. Tumbo likazidi, macho yakaingia ndani, na asubuhi moja akaanguka mstarini shuleni. Mwalimu Kinoti alimleta nyumbani amembeba mgongoni.

Abdille alipopata habari alikuja mwenyewe. Akamwangalia Sabrin, akamwangalia Adey. "Shemeji, dawa iko hapa uani na mtoto anakwisha. Sasa bado unabisha? Ni huu mji. Ijumaa naondoka naye."

Sabrin alipanga sanduku lake, akatia vitabu kwanza, kisha akavitoa ili nguo zienee. Akaniuliza, "Hooyo, mama, kule kwa Keynan kuna ubao?" Nilitoka nje nikalia nimemshika Adey shingo. Ngamia akanitafunia mtandio, nikamwacha.

Alhamisi ikanyesha. Wale wa redio walikuwa wameiita El Nino, sisi tuliita kiama. Tana ilitoka kitandani mwake ikaja kututembelea, barabara ikakatika huku na huku, lori haliingii wala halitoki. Na Abdille akakwama nyumbani kwangu. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wangu nilimpa koleo, azibue mtaro.

Unga wa ngano ukaisha madukani. Na mkate, na pasta, na biskuti. Hoteli ya anjera bila anjera, fikiria aibu hiyo! Tulikula wali mpaka ukaisha, kisha mahindi na maharagwe yaliyoletwa kwa ndege, na nyama ya mbuzi tukibahatika. Mwalimu Kinoti peke yake ndiye aliyefurahi. Aliyachanganya akapika githeri ya kwao sufuria nzima, akaileta akisema sasa Mungu amewafundisha Wasomali kula. Abdille alikuwa akiitafuna huku amefumba macho kama anayekunywa dawa.

Siku moja Mwalimu akaja analia njaa, kumbe Sabrin amemaliza sufuria yake yote. Nikamshika mtoto shavu nimkemee. Shavu! Nikashika la pili. Lipo! Nikapiga yowe mpaka Abdille akaja na koleo akidhani ni nyoka.

"Mashavu!" nikamwambia. "Hapa hapa mjini, kwenye matope na mbu!"

"Ni maziwa ya Adey," akasema. "Yamefanya kazi mwishowe."

"Adey ana maziwa gani? Amekauka tangu mvua ianze, hata ndama wake anakunywa uji wa mahindi!"

Abdille akakuna ndevu. Hewa ya mji si adui tena, na ngamia si dawa tena. Sabrin akacheka, akaomba githeri nyingine. Hatukuelewa, na kwa kweli mimi sikutaka kuelewa, nilitaka kucheza tu.

Kisha lori la kwanza likavuka. Nilikimbia ndani ya matope, nikarudi na gunia la unga wa ngano kichwani, nikiimba. Alfajiri yake mtaa mzima ulikuwa benchini kwangu. Sahani ya kwanza nilimpa mwanangu, samli na sukari juu, nikambusu kipaji mbele ya watu. Adhuhuri alikuwa amejikunja mkekani ameshika tumbo, jasho linamtoka.

Abdille akaitazama sahani. Nami nikaitazama. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa sahanini, na nimekipaka samli kwa mkono wangu. Miaka yote ile! Yeye akiugua, mimi namwongezea. Niliona uchungu ambao sitaki hata adui yangu auone. Kisha nikapandwa na hasira, nikalibeba lile gunia mpaka kwa Mwalimu Kinoti, nikalibwaga mlangoni.

"Chukua! Ndilo shati lako hilo, nimekulipa!"

Hospitalini Daktari Kananu alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si rahisi, maana nilikuwa naongea na kulia pamoja. Akasema ugonjwa huo upo, unaitwa seliaki. Utumbo wa mtu haupatani na ngano, unaumia kila anapoila, chakula hakimfai mwilini. Angemwandikia vipimo vya Nairobi barabara ikifunguka vizuri, na wakati huo nisimpe ngano hata kidogo, wala nisimpikie kwenye kikaango kilichopikiwa ngano. Baadaye Nairobi wakasema ndiyo huo huo. Vidonge hakuna. Dawa ni kuacha ngano maisha yote.

"Hata biskuti?" Sabrin akauliza.

"Hata biskuti."

"Na anjera ya mama?"

Daktari akanitazama, naona aliona huruma. Nikajibu mimi. "Anjera ya mama itabadilika."

Lakini hayo ya Nairobi yalikuja baadaye. Siku zile kikwazo kilikuwa bado Abdille. "Ngano?" akasema. "Dunia nzima inakula ngano! Vipimo vikithibitisha, sawa. Mimi nimeshapata lori la kunirudisha Diff. Likiwa tayari, mtoto akiwa bado mgonjwa, anapanda."

Nikanunua kikaango kipya na unga wa mtama. Anjera ya kwanza ikavunjika vipande. Ya pili ungeweza kuezekea nyumba. Ya tatu nilimtupia Adey, na Adey, aliyekula shati la Mwalimu, akainusa akageuza shingo. Nilikaa chini nikacheka mpaka nikalia. Hapo ndipo nikamkumbuka marehemu mama yangu kando ya mto, kabla hatujajua ngano ya dukani. Yake ilikuwa ya mtama, na mimi niliikimbia nikiiita chakula cha maskini. Yeye aliuacha unga uchache zaidi, akaufunika karibu na jivu la moto, akaukoroga mwepesi. Nikafanya kama yeye.

Siku ya lori nikamimina, nikazungusha, nikasema bismillahi. Ikakaa kimya. Kisha ikafungua jicho moja, la pili, ikafungua yote. Ngoja nikuambie, hata Sabrin alipozaliwa sikupiga vigelegele vile.

Sabrin akala nne. Sote tukakaa kumtazama tumbo, mimi, Abdille, Mwalimu Kinoti na dereva wa lori. Yeye akafungua kitabu cha hesabu. Adhuhuri ikapita. Alasiri tukaswali tukarudi, Mwalimu akitulindia tumbo.

"Mbona mnanitazama?" akasema bila kuinua kichwa. "Nina njaa."

Abdille akainuka. Akaenda uani, akamfungua Adey na ndama wake, akawapakia. Aliporudi nilikuwa nimesimama mlangoni, mbele ya sanduku la mtoto, tayari kwa vita.

"Ondoka njiani, shemeji," akasema. "Nifungie anjera tatu za safari. Na Keynan nitamwambia atafute mwingine."

Lori likaondoka, Adey ametoa kichwa nje. Nilipunga mkono mpaka matope yakanirukia. Sabrin hakuja kuaga, alikuwa ndani na vitabu vyake.

"Hooyo!" akaita. "Zimebaki?"

Hazikubaki. Nikawasha moto.