Jiwe la Shemeji

Walimwita Kipara, na wateja hawakuchoka kumtania kwamba ananyoa watu kwa kuwaonea wivu nywele zao. Yeye alikuwa akicheka nao. Miaka kumi na moja alishika kiti cha dirishani katika chumba cha kunyolea cha baba mkwe wake, na kwa wembe wa kukunja hakuwa na mpinzani. Kisha mdogo wa mkewe, binti wa mwisho wa mzee, akamaliza kujifunza ukinyozi, akapewa kiti cha pili.

Wiki ileile mzee alifungua kasha lake la mawe ya kumalizia, yale laini ambayo wembe hupitishwa mwisho kabisa, ili makali yasikwaruze ngozi. Yalikuwa matatu.

"Mkubwa atangulie," mzee alisema.

Kipara hakujiuliza. Alichukua jiwe kubwa la kijani, linang'aa kama sabuni mpya. Shemeji yake hakuwa na haraka. Aliyalowesha mawili yaliyobaki, akafumba macho, akayapitishia ukucha polepole. Kwenye moja ukucha ulikwama. Lilikuwa na punje ngumu ndani. Akachukua la mwisho, dogo, la kijivu, limebonyea katikati kama kijiko.

"Hilo si la kusugulia visigino?" Kipara akauliza.

Shemeji alicheka kuliko wote, na hilo lilimkera Kipara.

Mchana binti alitandika msasa wa maji juu ya kipande cha kioo kinene, akachora mistari ya penseli kwenye uso wa jiwe, akaanza kusugua. Mistari ya pembeni ikafutika, ya katikati ikabaki. Akasuuza, akachora tena. Mara ya saba yote ikatoweka kwa pamoja. Mwisho akazilainisha kingo.

"Mbona unajitesa?"

"Likibonyea, shem, wembe haulali vizuri."

Kipara alilijua hilo. La kwake hakuwa amelisugua hata mara moja, kwa kuwa kwa macho lilionekana limenyooka.

Mteja wake wa tangu siku ya kwanza alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa ngozi nyembamba. Siku moja alimkuta Kipara ana mtu, akakaa kwa shemeji. Aliponyolewa alijipapasa shavu.

"Binti, umeninyoa au umenipulizia?"

Tangu hapo mwalimu akawa anamsubiri binti hata kiti cha Kipara kikiwa kitupu. Anasoma gazeti, akilimaliza analianza upya. Nyumbani nako mke wa Kipara akawa haishi kumsifu mdogo wake, na chakula kikawa hakimshuki mumewe.

Asubuhi moja shemeji alitoka kuchota maji. Kipara akalitoa lile jiwe la kijivu kwenye kitambaa chake, akapitisha wembe wake mara kumi, akaujaribu mkononi. Vinyweleo vilidondoka bila yeye kuhisi kitu. Roho ikamuuma. Akachukua msumari, akauburuta juu ya jiwe mara mbili, akalirudisha.

Shemeji alirudi na ndoo, mwalimu nyuma yake. Wakawa wanapiga soga huku yeye akinoa bila kutazama chini. Kipara alisikia mkwaruzo mdogo. Wao hawakuusikia. Povu likapakwa, kichwa cha mwalimu kikalazwa nyuma, koo likabaki wazi.

"Shem, ngoja!"

"Nini?"

"Usimguse na wembe huo. Jiwe lina mikwaruzo."

"Nimeliacha safi sasa hivi."

"Nimelikwaruza mimi."

Mwalimu alibaki na povu lake, akiwatazama mmoja mmoja kwenye kioo. Mzee akasimama.

"Kwa nini?" shemeji aliuliza.

"Wivu tu."

Mzee alifungua kinywa; binti yake akamwinulia mkono. "Niachie, baba." Akamkabidhi Kipara jiwe, msasa na penseli. "Nipe wembe wako nimnyoe mwalimu. Wewe kaa hapo usugue mpaka mikwaruzo iishe. Akija mteja wako, atanyolewa na baba."

Alisugua mchana kutwa, mikono imejaa tope la kijivu. Mwalimu alipoinuka alijipapasa shavu, akamshukuru binti kwa moyo wote. Wembe ulikuwa wa Kipara. Wivu ukampanda upya, ule ule, pale pale alipokaa na aibu yake. Akainama, akaendelea kusugua.

Alifika nyumbani jioni, akamsimulia mkewe yeye mwenyewe kabla hajayasikia kwingine.

"Umemwomba radhi?" mke akauliza.

"Jiwe nimelimaliza."

"Sikukuuliza jiwe."

"Bado."

"Basi usivue viatu," mkewe akasema, akamshikia mlango.