Chini ya Kitivo cha Sheria

Mama Funguo alipewa jina hilo na wanafunzi. Alikuwa mfagizi wa Kitivo cha Sheria, jengo la mawe lililokuwa kongwe kuliko chuo chenyewe, na funguo za milango yote zilining'inia kiunoni mwake. Mumewe alikuwa mpiga chapa wa chuo, mtu ambaye wino haukumtoka kuchani hata siku ya harusi yao.

Jeshi lilipopindua serikali, wanafunzi waliandika waraka wa kupinga, naye mumewe akauchapa. Siku ya tatu askari walimfuata nyumbani, wakamwondoa mezani na tonge mkononi. Chuo kikafungwa. Kitivo kikageuzwa kambi: vitanda vikapangwa madarasani, na kapteni akajichukulia ofisi ya mkuu wa kitivo.

Wakamwita Mama Funguo arudi kazini, maana hakuna mwingine aliyejua ufunguo upi ni wa mlango upi. Akakubali. Dada yake alimjia juu.

"Unawafagilia watu waliomchukua mumeo? Huoni haya?"

"Haya nitaona nikishampata."

Kila Jumatatu alimuuliza kapteni. Kila Jumatatu kapteni alipekua daftari taratibu, akasema, "Mumeo hayumo humu, mama." Ufunguo wa ghala la chini walikuwa wamemnyang'anya, wakisema mna silaha. Basi akafagia huko juu, na akawafokea askari kama alivyozoea kuwafokea wanafunzi: "Miguu hiyo mmeazima kwa ng'ombe? Futeni viatu!" Wakacheka, wakafuta.

Askari walikaa miaka mitatu. Ikafuata wizara moja na makabati yake ya mafaili, ikakaa minane. Ndipo serikali mpya ikakirudishia chuo jengo lake, na walimu waliobaki hai wakaanza kurejea.

Mmoja wao, wa kitivo kingine, aliyeondoka kijana na sasa akawa anachechemea, alipita ukumbini asubuhi moja akamsikia akimkaripia mwanafunzi. Akasimama ghafla.

"Mama, kumbe ni wewe! Wewe wa miguu ya ng'ombe!"

"Unanijua, mwanangu?"

"Sura sikuijua. Sauti tu." Akaegemea ukuta. "Tulikuwa chini, ghalani. Watu kumi na tisa. Tulikusikia kila siku. Mzee mmoja, mpiga chapa, alikuwa akitabasamu. Akatuambia, huyo ni wangu."

Ufagio ulimponyoka mkononi.

"Mbona hakuniita?"

"Alitukataza hata kukohoa ukipita. Alisema wakijua umegundua tumo humu, na wewe watakushusha. Akawa anaketi karibu na ngazi, anakusikiliza mpaka unamaliza."

"Halafu?"

Mwalimu aliinama kuuokota ufagio.

"Mwanangu, nimengoja miaka kumi na moja. Niambie."

"Mwezi wetu wa nne mle ghalani hukuja wiki nzima. Akadhani wamekukamata. Akaacha kula, mama. Tulimbembeleza, wapi. Alikuwa ameshadhoofika kwa kipigo. Siku ya sita akafariki. Walimtoa kwa gari, hatukujua wanampeleka wapi."

Mama Funguo aliikumbuka vizuri wiki hiyo. Mwanawe, wakati huo akiwa na miaka mitano, alikuwa na surua, na yeye hakubanduka kitandani pake. Jumatatu iliyofuata alirudi kazini, akawafokea askari kwa sauti ile ile, juu ya vichwa vya watu kumi na wanane.

Alimshukuru mwalimu. Akashuka ghalani, ambako mafundi walikuwa wanapaka rangi ili pawekwe kompyuta, akawaomba wampishe kidogo. Wakatoka. Kutoka nje walimsikia akifoka kwa sauti ile ile, wakangoja hadi alipopanda.

Jioni alimweleza mwanawe kwamba baba yake alifia pale kitivoni, na kwamba alikuwa akimsikia mkewe kila siku.

"Alifariki lini, mama?"

Alimtazama kijana huyo mrefu, macho ya baba yake yale yale.

"Hawakumbuki," alisema. "Kula, mwanangu, chakula kinapoa."