Bafle la Chabani

Mume akinuna, mke humsubiri. Lakini Chabani hakununa. Masikio yake ndiyo yalikufa. Mwaka ule wa waasi, bomu lilianguka karibu na teksi yake kwenye njia ya Sake, likamwachia uhai na viungo vyote, likachukua sauti za dunia nzima. Dereva aliyekuwa akiimba kutoka Mugunga hadi mjini Goma bila abiria kumwomba akaacha kuimba, kisha akaacha hata kusema. Teksi akampa shemeji yake, Ismael, aiendeshe. Faida, mkewe, akawa na hamu ya mtu anayekula naye sahani moja.

Siku moja gari la harusi lilipita mtaani kwao Katoyi likinguruma muziki. Chabani alikuwa uani akipukuchua maharage. Akainua kichwa, akajishika kifua. Faida akaona kuwa ngurumo imemfikia mwilini, na hapohapo akajifunga kitenge kwenda kwa fundi Ferdinand kuagiza bafle, sanduku la kuwekea spika kubwa ndani ya buti ya teksi.

Tangu lava imeze nusu ya mji, Ferdinand hakujenga kitu ila nyumba za mbao. Na fundi mwenye huruma Goma hapigi msumari mpaka mwisho. Huacha kichwa chake nje kidogo, ili siku ya kukimbia mlima wa moto au bunduki mwenye nyumba ang'oe mbao zake aende nazo. Mazoea yana taabu. Bafle lilitoka zuri, limepigwa randa mpaka likang'aa, na kila msumari umechungulia nje.

Wakalipachika, Ismael akaunganisha nyaya, akafungua redio. Chabani alikaa kiti cha nyuma. Bafle likakohoa, mbao zikagongana, basi. Chabani akawatazama kwa adabu, kama mgeni aliyepewa chakula asichokipenda, akampigapiga Faida begani na kushuka. Faida aliumia kuliko siku ya bomu, maana siku ile alirudishiwa mume.

Ferdinand akapitisha kiganja kwenye viungo vya sanduku.

"Upepo inatoka huku kote. Lakini Mama Faida, nikipiga misumari yote na kutia gundi, haitafunguka tena. Siku ya kukimbia?"

"Papa Ferdinand, hii haiko nyumba. Gari ndiyo itaikimbiza. Funga."

Mzee wa watu akafunga, akiguna kwa kila msumari. Akachanganya gundi na unga wa mbao, akaziba kila ufa. Walingoja siku mbili likauke. Chabani hakutaka kupanda tena. Faida alimvuta mkono.

Redio ikafunguliwa. Kiti kikatetemeka. Chabani akatulia, akaweka kiganja kwenye mlango, kisha kifuani, na macho yakamjaa machozi.

"Faida," akasema kwa sauti kubwa mno, ya mtu asiyeisikia mwenyewe, "hii si ile wimbo ya ndoa yetu?"

Lilikuwa tangazo la sabuni, lenye ngoma nyingi. Ferdinand akafungua mdomo. Faida akamkanyaga mguu. Akamtazama mumewe usoni, akaitikia kwa kichwa: ndiyo.

Chabani akaanza kuimba wimbo wa ndoa yao, akiupotosha karibu kila mahali. Faida akaingia, akakaa ubavuni kwake, wakaimba pamoja juu ya ile sabuni.